Haja Ndogo ya Baba Mkwe Wangu

Wiki niliyosema uongo hospitalini ndiyo wiki niliyofundisha darasa la saba njia ya mkojo. Naanza hapo makusudi. Kama ningekuwa mtu asiyejua, ningejihurumia, na watu wengine wangenihurumia. Lakini nilijua. Nilikuwa nimechora ubaoni kwa chaki ya rangi, figo mbili kwa nyekundu, mirija kwa manjano, kibofu kwa nyeupe, na picha hiyo ilibaki pale hadi Ijumaa kwa sababu nilimkataza msimamizi wa darasa kuifuta.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, katika shule iliyo juu kidogo ya soko la Nyaramba. Nilikuwa nimeolewa miaka minne. Watoto wa darasa lile walikuja na elimu yao kutoka nyumbani: waliamini kwamba mtu ana mabomba mawili kooni, moja la ugali na lingine la chai, na kila bomba lina mlango wake wa kutokea. Ilinichukua vipindi viwili kuling'oa bomba la chai.

Niliwaambia koo la chakula ni moja. Ugali, mboga, chai, maziwa, vyote vinashuka njia hiyo hiyo hadi tumboni, vinasagwa na kuchanganywa na maji makali ya tumbo, halafu vinaingia katika utumbo mwembamba uliojikunja kama kamba ya kufungia ng'ombe. Huko ndiko mwili unakochukua chake. Makapi yanaendelea hadi utumbo mpana, yanakaushwa, yanatoka. Hiyo ni njia ya kwanza, na ingawa imejikunja, haina mkato: inaanzia mdomoni na kuishia mwisho wake. Njia ya mkojo haianzii mdomoni kabisa. Inaanzia kwenye damu. Damu hupita kwenye figo, figo huchuja kama chujio la chai, na maji machafu hudondoka tone kwa tone hadi kibofuni.

"Mwalimu," akauliza mmoja wa nyuma, "kwa hivyo chai haiendi moja kwa moja?"

"Haiendi."

"Mbona babu akimaliza kikombe anatoka nje saa hiyo hiyo?"

"Hicho ni kikombe cha asubuhi kinakipisha cha jioni," nikasema, na darasa likacheka hadi mwalimu wa darasa la sita akachungulia.

Ndipo msichana mmoja wa mbele, mtaratibu, akauliza kama mlango wa kibofu ukikataa kufunguka inakuwaje. Nilimjibu bila kusita. Mkojo unarudi nyuma, nikasema, unajaza mirija, unafika kwenye figo na kuziharibu, na sumu inabaki ndani ya damu. Mtu huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Nililisema hilo kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Kwa Ekegusii sikulisema. Kwa Kiingereza lilikuwa neno la kitabu, na kwa Kiswahili lilikuwa neno la shule. Kwa lugha ya nyumbani lilikuwa na mwili, na mwili ule ulikuwa wa mtu fulani.

Sisi tuna kitu kinachoitwa chinsoni. Ni heshima, lakini ni heshima iliyokaa pamoja na haya. Iko kati ya wazazi na watoto wao waliokua, na mahali inapobana zaidi ni kati ya mwanamume na mke wa mwanawe. Baba mkwe wangu hakuwahi kuingia nyumbani kwangu kupita mlango wa mbele. Akija uani alikohoa akiwa bado kwenye migomba, ili kama nimekaa vibaya nijirekebishe. Sikumpa mkono. Sikupita karibu na mahali anapooga. Na hapakuwa na neno lolote la chini ya kiuno ambalo mimi na yeye tungeweza kulisikia tukiwa pamoja.

Alikuwa mtu mrefu, mpole, mzee wa kanisa letu, na tulishika Sabato katika boma lile kwa utulivu ambao sijauona tena mahali pengine. Nilipoolewa, ndugu zake walisema mke wa mtu hawezi kushinda shuleni huku majani ya chai yanakomaa mpaka yanakuwa magumu. Yeye alisema, "Huyu tulimpata akiwa mwalimu. Aende." Tangu siku hiyo hakuniita kwa jina lingine. Aliniita Mwalimu, hata mbele ya mbuzi. Kila shukrani ninayomtolea Mungu kwa maisha yangu ya kazi inapitia kwa mtu huyo, na ndiyo sababu yanayofuata ni mazito kwangu kuandika.

Jumapili asubuhi mama mkwe alikuja jikoni kwangu kabla sijawasha moto. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na makavu.

"Mzee hajalala," akasema. "Maji yake yamekataa."

"Maji gani, mama?"

"Wewe ndiye mwalimu, unaniuliza mimi? Maji ya mwili. Tangu Alhamisi anatoa matone, kama ule mfereji wa shule yenu. Na hapa chini pamevimba, pamekuwa pagumu kama boga." Akajishika chini ya kitovu kunionyesha. "Mume wako yuko Kericho. Mimi Kiswahili sijui. Utampeleka wewe."

"Mama, nitayasema vipi mbele yake?"

Alifikiri. "Hata mimi sijui," akasema. "Fumba macho useme."

Kwa hiyo hakuna aliyenificha kitu. Niliambiwa kwa maneno wazi, na niliyatambua: ilikuwa picha yangu ya ubaoni, pamoja na swali la yule msichana.

Tulipanda basi. Yeye alisimama mbele akishika chuma njia nzima ingawa viti vilikuwepo, nami nilikaa nyuma kabisa kama ilivyostahili. Basi liliposimama kupakia mzigo wa ndizi, alishuka, akaenda nyuma ya ua, akakaa muda mrefu hadi utingo akaanza kuuliza kama mzee amehamia huko. Nilitazama upande wa pili. Alirudi uso umelowa jasho.

Katika hospitali ya misheni tulipokelewa na sista kijana, mwenyeji wa kule ziwani. Hakujua Ekegusii na mimi sikujua lugha ya kwao, hivyo Kiswahili kilikuwa daraja letu. Baba mkwe aliketi kwenye kiti, kofia magotini. Mimi nilisimama kando ya mlango.

"Haya, Mwalimu," akasema sista, kwa kuwa nilikuwa nimejitambulisha. "Baba anaumwa nini?"

Nilimgeukia baba mkwe bila kumtazama. "Tata," nikasema, yaani baba kwa lugha yetu, "anauliza unaumwa wapi."

Alizungusha kofia. "Mwambie ni tumbo."

Kwa miaka mingi nilijifariji kwa neno hilo. Nilisema moyoni, yeye ndiye aliyeanza, mimi nilitafsiri tu. Lakini mazungumzo hayakuishia hapo.

"Tumbo la juu au la chini?"

"La chini," nikajibu.

"Anapata haja?"

"Hapati."

"Haja kubwa au haja ndogo?"

Kiswahili kilikuwa kimenitengenezea pazia zuri kuliko lugha yetu. Sikutakiwa kutaja kiungo wala mkojo. Nilitakiwa kusema "ndogo," neno ambalo mtu hulitumia kwa kijiko na kwa kikombe. Sijui nieleze vipi kwa vijana wa leo, wanaosema kila kitu mbele ya kila mtu, jinsi neno hilo lilivyokwama. Haja kubwa ni jambo ambalo mama hulisema juu ya mtoto, na mwanamume na mtoto ni sawa kwa upande huo. Haja ndogo ya mwanamume aliyekuzalia mume, ukiitamka ameketi hatua mbili kutoka kwako, ni kana kwamba umemvua nguo kwa mkono wako mwenyewe.

"Kubwa," nikasema.

"Siku ngapi?"

"Siku nne."

Sista alikuja akambonyeza tumbo juu ya shati. Baba mkwe alikaza meno. "Limejaa kweli," sista akasema. "Nyinyi wa huku mnawalisha wazee ndizi asubuhi, ndizi mchana, halafu mnashangaa."

"Mboga anakula, sista."

"Basi maji hanywi. Mzee, maji!" Alimwonyesha kwa mkono jinsi ya kunywa, naye baba mkwe akaitikia kwa kichwa kwa adabu. Tukapewa chupa ya mafuta ya nyonyo ya kulainisha choo, na maagizo: anywe maji ya moto kila asubuhi, uji mwepesi mara kwa mara, maji mengi kutwa nzima. Asipopata nafuu kufikia Jumatano, turudi.

Simlaumu yule sista. Alitibu ugonjwa niliomletea. Tulipokuwa tukitoka, baba mkwe alinitazama usoni, jambo alilolifanya mara chache sana. Nilidhani ananishukuru kwa kumsitiri.

Nyumbani mama mkwe alikuwa akitungoja.

"Wamesema nini?"

"Wametoa dawa. Na anywe maji mengi."

"Mtu ambaye maji yake yamekataa kutoka, aongezewe mengine?"

"Ndivyo walivyosema."

Nami nikachemsha maji. Siku mbili zilizofuata nilichemsha maji alfajiri kabla ya kwenda shule, nikapika uji mwepesi, na mama mkwe akampelekea kikombe baada ya kikombe, naye akanywa kwa utii, kwa sababu alikuwa mtu anayetii maagizo. Mafuta yalifanya kazi yake kwenye njia ambayo haikuwa na tatizo, yakamkimbiza msalani hadi akakosa nguvu. Maji niliyomchemshia yalipita pale nilipowafundisha watoto kwamba yanapita, yakafika kwenye mlango uliofungwa, yakarudi nyuma. Jioni niliomba. Niliomba apone, kwa maneno mazuri na marefu. Sikuomba ujasiri wa kurudi na kusema neno moja, kwa sababu nilihofia kupewa.

Shuleni nilisahihisha madaftari ya somo lile lile. Yule msichana mtaratibu alikuwa ameandika kwa mwandiko safi: apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Nilitia alama ya vema.

Jumatano kulipopambazuka kwikwi ilikuwa imemshika na haikumwachia. Alitapika uji. Alimwita mkewe kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Majirani walimbeba kwa machela hadi barabarani, na dereva wa lori la majani ya chai akakubali tumlaze juu ya magunia. Mama mkwe alipanda naye. Mimi nilikaa mbele na dereva, ambaye aliniuliza mzee anaumwa nini. Nikasema sijui.

Sista alikuwa yule yule. Safari hii nilimkuta mlangoni kabla hawajamshusha mgonjwa, na nikasema kwa haraka, "Sista, nilisema uongo Jumapili. Si haja kubwa. Ni haja ndogo. Tangu Alhamisi ya wiki iliyopita."

Alinitazama. "Mwalimu," akasema. Kisha akakimbia kumwita daktari.

Walimtia mpira wa kutolea mkojo. Mama mkwe aliniambia baadaye kwamba chupa ilijaa, wakaleta nyingine, nayo ikajaa, na mzee akalia kama mtoto kwa kufunguliwa. Nilimshukuru Mungu nikiwa nimeketi kwenye nyasi za nje. Nilidhani yamekwisha.

Mume wangu alifika kutoka Kericho siku ya pili. Daktari alituita wawili na kutueleza kwa utaratibu. Kwa wanaume wazee, alisema, kuna tezi inayozunguka shingo ya kibofu, na tezi hiyo huvimba polepole hadi ikaibana njia. Hilo lingeweza kutibiwa. Lakini mkojo ulikuwa umerudi nyuma kwa siku nyingi mno, na figo zilikuwa zimeumia, na figo zikishaumia hivyo hazirudi zilivyokuwa. "Mngemleta siku tatu au nne mapema," akasema.

Mume wangu akanigeukia. "Si mlikuja Jumapili?"

"Tulikuja."

"Wakasema nini?"

Sista alikuwa amesimama pale pale, kadi mkononi. Nilikuwa nimekwisha kumwambia yeye ukweli. Ilibaki kumwambia mume wangu.

"Walisema ni tumbo," nikajibu.

Sista aliinamisha macho kwenye kadi. Angeweza kusema. Alikuwa mgeni, kijana, na lawama niliyomwekea ilikuwa kubwa kuliko mshahara wake na umri wake, lakini alinyamaza, na hadi leo sijui kama alinyamaza kwa kunihurumia au kwa kunidharau. Uongo wa kwanza niliusema kwa haya, na haya nilifundishwa. Huu wa pili hakuna aliyenifundisha.

Wiki ya tatu hospitalini nilimkuta baba mkwe akiwa peke yake. Mama mkwe alikuwa ameenda kufua. Chupa ilikuwa chini ya kitanda, imefunikwa kwa leso ambayo mama mkwe aliileta ili mimi nisiione. Nilisimama miguuni mwa kitanda nikatazama leso hiyo.

"Tata," nikasema, "Jumapili ile nilibadilisha neno."

"Nilisikia," akajibu. Alijibu kwa Kiswahili.

Sikuwahi kumsikia akisema Kiswahili. Kilikuwa cha zamani, cha kambi za kazi, lakini kilikuwa wazi kabisa.

"Nilichuma chai ya Wazungu Kericho miaka sita, Mwalimu, kabla wewe hujazaliwa. Haja kubwa na haja ndogo ninazijua."

Nilishika chuma cha kitanda. "Mbona hukusema, tata?"

"Nilikuwa nangoja utoke nje, nimwambie mwenyewe yule sista. Yeye si wa kwetu, haya yake si yangu." Alipumzika. "Hukutoka."

"Nilidhani unanihitaji nitafsiri."

"Ndiyo. Nami nikaona haya kumfukuza mwalimu wangu mbele ya mgeni." Alitabasamu kidogo, midomo imekauka. "Ukanisitiri, nikakusitiri. Basi tuko wawili."

Nilimwomba msamaha. Alisema amenisamehe tangu kwenye basi, na kwamba ninachelewa shule. Sikukubali moyoni kwamba tuko wawili, na sikubali sasa. Yeye alinyamaza juu ya mwili wake mwenyewe, nao ulikuwa wake. Mimi niliusemea mwili wa mtu mwingine.

Alirudi nyumbani na mpira wake. Uso ukavimba, kisha miguu, na chakula kikawa na ladha ya chuma mdomoni mwake. Nilimwomba mama mkwe aniruhusu angalau niioshe ile chupa. "Usiongeze," akasema, na sikujua ni kipi nisiongeze. Aliendelea kuiosha yeye. Baba mkwe alifariki kabla mwaka haujaisha, Ijumaa alasiri, nyumba ikiwa imekwisha kufagiliwa kwa ajili ya Sabato.

Kwa kuwa nilikuwa mwalimu, nilipewa kazi ya kuandika historia ya marehemu na kuisoma mbele ya watu. Niliandika alikozaliwa, alivyobatizwa, miche ya chai aliyoipanda ya kwanza katika mtelemko wetu. Nilipofika kwenye ugonjwa nilimwuliza mume wangu niandike nini. Nilimwuliza nikitumaini nguvu ya kumwambia itakuja.

"Andika tumbo," akasema. "Si ndilo walilosema?"

Nikaandika: aliugua tumbo kwa muda mfupi, akatibiwa, Bwana akampenda zaidi. Nikasoma kwa sauti ya darasani, watu wote wa Nyaramba wakisikia, na mama mkwe ameketi chini kwenye mkeka, akinitazama hadi mwisho. Watu walipotawanyika aliniletea kikombe cha uji.

"Umesoma vizuri," akasema.

Nilikunywa.

Mume wangu nilimwambia baada ya miaka kumi na moja, tukiwa tunapogoa chai. Sabato mbili alikaa kanisani kwenye benchi la nyuma, ya tatu akarudi kuketi upande wetu, na ninamshukuru Mungu kwa subira yake zaidi ya ninavyoweza kuandika. Sista yule nilimfuata nikaambiwa amehamishwa, na sikuwa na jina lake kamili. Huyo bado ninadaiwa naye, na ninajua hapa duniani sitalipa.

Ile karatasi niliyoisoma bado ipo, imehifadhiwa ndani ya Biblia ya familia, na wajukuu huinakili kila wanapoulizwa juu ya ukoo wao. Juzi nimemwona mmoja akiandika: baba wa babu yetu alikufa kwa tumbo. Nikamwomba karatasi yake na kalamu. Nikakata neno tumbo, na juu yake nikaandika kwa Ekegusii, lugha ambayo sikuwahi kuitumia kwa jambo hilo, kwamba mkojo wake ulizuiwa, na kwamba aliyempeleka hospitali alijua na hakusema. Ilinichukua muda mrefu. Nina karibu miaka themanini, na mwenyewe amelala kaburini nusu karne, lakini nilipofika kwenye neno lenyewe nilisimamisha kalamu nikatazama mlangoni, kuona kama kuna mtu anayekohoa kwenye migomba.